Hatua Arobaini Nyuma

Simu mbili zilisema "Umefika" kwa pamoja. Ya tatu ilinyamaza.

Mektilda alikuwa amesimama mlangoni pa zahanati, nje kidogo ya Nyahanga, jua la saa tano likimchoma utosini. Simu zote tatu alikuwa amezipanga juu ya ubao wa kuandikia. Kwenye kioo cha ile ya tatu, kidoti cha bluu, ambacho ndicho kilichotakiwa kuwa yeye, kilikuwa bado njiani, hatua arobaini nyuma, mahali alipokwisha kupita. Akageuka kutazama. Njia ilikuwa tupu. Akaandika kwenye fomu: ya tatu, kosa hatua arobaini. Akazitia simu mfukoni, akaanza kuondoka, na alipokuwa ametembea kidogo tu, simu ile ikasema mfukoni kwa ile sauti ya dada asiye na haraka: "Umefika."

Umefika! Nani huyo aliyefika, wakati mwenye simu anaondoka? Lakini Mektilda alikuwa na vituo vinne vya kumaliza kabla ya jioni, akaguna tu, akaenda zake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Shirika moja la Shinyanga lilikuwa na pikipiki za kubeba wajawazito kutoka vijijini, na madereva walikuwa wamechoka kupotea. Programu za ramani ziko tatu, kila dereva anasifia yake, na mama mwenye uchungu hawezi kungoja watu wabishane. Ofisi ikataka kujua ipi inasema kweli. Wakatafuta mtu asiyechoka kutembea, wakampata Mektilda, aliyewahi kuwa karani wa sensa. Vituo sitini: zahanati, shule, visima, machimbo. Kila kituo ahesabu kwa miguu yake ni hatua ngapi kati ya pale ramani inaposema yupo na pale alipo kweli. Kazi ikienda vizuri wangemwajiri, na akiajiriwa angemchukua Wema, binti yake wa miaka tisa, anayelelewa na bibi yake Ushirombo. Hamu yake yote duniani ilikuwa hiyo. Chumba alishapanga, kitanda cha pili alishanunua, shuka la maua alishalitandika tangu Juni, likawa linakusanya vumbi.

Sasa, kila programu ilitakiwa kuwa na simu yake, na ofisi ilimpa mbili. Ya tatu akaambiwa atumie yake, na yake ilikuwa kitochi kisichojua ramani. Basi akafungua sanduku, akatoa simu ya Paschal. Mimi ningekuwepo ningemshika mkono.

Paschal alikuwa mumewe. Miaka mitatu nyuma alishuka kwenye duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu, huko Mwakitolyo, na duara likajifunga juu yake. Wenzake walichimba siku tisa, wakaacha. Kilichorudi nyumbani ni simu, kwa sababu chini hakuna mtandao, na wachimbaji huacha simu zao juu zikichajiwa. Mektilda hakuwa na kaburi la kupeleka hata ua moja. Alikuwa na simu, na simu hiyo hakuwahi kuiwasha mpaka kazi ilipoitaka.

Siku zikaenda. Programu ya kwanza ilikuwa hodari, hatua mbili tatu tu. Ya pili ilikuwa na ramani ya zamani, ikampeleka kisimani kulikokwisha kufukiwa. Ya tatu ilikosea hatua arobaini kila mahali, na Festo wa ofisini akapiga simu.

"Mama Wema, hiyo namba tatu vipi? Arobaini, arobaini, arobaini. Unaandika ukiwa umekaa nyumbani?"

"Natembea, baba. Njoo utembee na mimi uone."

"Basi hiyo simu yako mbovu."

Hakumwambia lililobaki. Kosa la simu mbovu huyumba, leo kushoto, kesho kulia. Hili lilikuwa nyuma tu. Akielekea mashariki, kidoti kiko magharibi yake. Akigeuka na kukifuata, kinarudi nyuma taratibu, hatua kwa hatua, kama mtu mwenye haya. Na siku ya nne, kwenye mbuga kavu ambayo haijaona tone la mvua tangu Mei, alisikia harufu ya udongo uliolowa. Siku ya sita akasikia miguu. Chwa. Chwa. Mtu aliyevaa buti za mpira zilizojaa maji.

Ungedhani alikimbia. Hakukimbia, na hapa ndipo ninapomwonea huruma mwanamke huyu. Miaka mitatu hakuna mtu aliyekuwa ametembea naye popote. Alikuwa anakula peke yake, anacheka peke yake na redio, anajiuguza malaria peke yake. Akajikuta anapunguza mwendo ili mwenzake asiachwe.

Mpangaji mwenzake, waliyetenganishwa na ukuta wa tofali moja, alikuwa Mama Marcel, mzee wa mguu mbaya na katibu wa jumuiya yao ya kanisani. Mwanawe Marcel alikwenda machimboni miaka miwili iliyopita na hajapiga simu tena. Kila jioni mama huyo alimsubiri Mektilda kibarazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, leo umemwona Marcel wangu kwenye hiyo ramani yako?"

"Bado, mama. Ramani inaonyesha njia, haionyeshi watu."

"Wewe tazama tu vizuri. Ukisikia kijana mkubwa mzima anamwita mama yake 'mayu' kama anayenyonya, ndiye huyo." Akacheka, kisha akajifuta macho kwa pembe ya kanga.

Kituo cha sitini, cha mwisho, kilikuwa Mwakitolyo. Mektilda alifika Ijumaa, makarasha yakisaga mawe kwa kelele, vijana weupe kwa vumbi. Akafuata orodha mpaka kwenye uwanja uliosawazishwa, kifusi juu ya kifusi, hakuna aliyemwambia ni nini na hakuhitaji kuambiwa. Akatazama simu ya tatu. Kwa mara ya kwanza kidoti kilikuwa chini ya miguu yake. Kosa, hatua sifuri.

Machozi yakamtoka bila kupenda. Akapiga magoti, akagusa udongo, akasema, "Paschal, kama ni wewe, basi twende nyumbani."

"We mama! Umesema nini?"

Mwanamke mmoja alikuwa anamjia mbiombio kutoka kwenye kibanda chenye sola juu ya paa. Jina lake Mbuke. Alichaji simu za wachimbaji, na wachimbaji wakiona mambo yasiyoeleweka huko chini walikuja kwake pia kwa dawa. Alimvuta Mektilda kwa mkono mpaka kibandani, akamkalisha juu ya kreti la soda.

"Umelialika," alinong'ona. "Nimekusikia kwa masikio yangu."

"Nimemwita mume wangu."

"Mume wako amelala, mayu. Mwache alale. Hilo linalokufuata ni jini la mashimoni. Halina sauti yake lenyewe. Linavaa sauti ya mtu unayemsubiri." Akavuta ndoo kutoka chini ya meza. Ilikuwa imejaa simu, nyingine zimepasuka vioo. "Unaziona hizi? Wenyewe walishuka, hawakuja kuzichukua. Kila moja ina mtu mahali anaisubiri ipigwe. Hilo ndilo linalonusa. Nipe hiyo."

Mektilda aliikumbatia simu ya Paschal kifuani kama mtu anayenyang'anywa mtoto. Mbuke alisubiri tu, mkono wake umenyooka. Mwishowe simu ikaingia ndooni na zenzake.

"Sasa halitakuja?"

"Litakuja. Umeliambia twende nyumbani, litaenda. Linatembea kwa miguu, halina haraka. Jumapili, jua likiwa utosini, litakuwa mlangoni kwako. Litapiga hodi mara tatu. Usiitikie. Usikohoe, usigonge hata ukuta. Ukilia, lia kwa macho. Likikosa mwenyeji linaendelea."

"Linaendelea wapi?"

Mbuke alifunika ndoo. "Ukitoa sauti, litajua mwenyeji yupo. Basi. Hayo mengine usiniulize."

Jumamosi ofisi ilipiga: kazi amepata. Festo alitaka hata kumwomba radhi. Mektilda akampigia mama mkwe, wakakubaliana Wema apande basi la Jumapili, afike saa kumi. Akalikung'uta vumbi lile shuka la maua. Alitaka kumwonya Mama Marcel. Mara mbili alisogea mlangoni kwake, mara mbili akarudi. Utaanzaje kumwambia katibu wa jumuiya kwamba ulikwenda kwa mganga? Akajifariji kwamba Jumapili mchana Mama Marcel huwa misa ya pili, na baada ya misa kikao mpaka saa tisa. Uani hapatakuwa na mtu.

Jumapili ikafika. Wapangaji walitoka, na jua lilipopanda utosini bati likaanza kulia kwa joto, ta, ta, ta. Mektilda alikaa kitandani kwa Wema, kanga ameikunja na kuiuma kwa meno, zile simu mbili za ofisi ziko mezani. Kwanza ilikuja harufu ya udongo uliolowa, ikapita chini ya mlango, ikapanda. Kisha miguu. Chwa. Chwa. Ikaingia kwa geti ambalo hakusikia likifunguliwa, ikavuka uani bila kuku hata mmoja kulia, ikaja polepole kama mtu aliyetoka mbali ambaye sasa ameona taa ya kwao, ikasimama mbele ya mlango wake, karibu kiasi kwamba aliona kivuli cha buti mbili kwenye upenyo wa chini na maji meusi yakianza kutambaa kuja ndani kwenye sakafu.

"Hodi."

Sauti ya Paschal. Ile ile, na ule mkwaruzo wa vumbi la mawe.

Mektilda aliuma kanga.

"Hodi, Mama Wema. Nimetembea sana."

Machozi yalimtiririka mpaka kifuani na mwili mzima ukawa unamwambia simama, fungua, mtoe mwenzako buti, mtengee maji ya kuoga kama siku zile, hata kama si yeye, hata kama ni nini, maana angalau kitakuwa ni kitu kinachokuita kwa jina ndani ya chumba hiki; na miguu yake ilikuwa imeshagusa sakafu alipoliona shuka la maua, akaketi tena juu ya mikono yake.

"Hodi. Wema anafika saa kumi, sivyo? Mwenzangu, kitanda chake kizuri."

Maji meusi yakarudi nyuma chini ya mlango. Chwa. Chwa. Linaondoka! Alihesabu: moja, mbili, tatu. Lakini miguu haikuelekea getini. Ilielekea kushoto, ikasimama.

Na hapo, ng'ambo ya ukuta, mtu akakohoa.

Mama Marcel hakwenda kanisani. Mguu ulikuwa umemshika.

"Hodi, mayu," ikasema sauti changa ya kijana.

Mektilda alinyanyua ngumi. Ukuta ulikuwa hapo, tofali moja, pigo moja tu na neno moja, usiitikie, mama! Lakini pigo hilo hilo lingesikika na yule aliye nje. Wema alikuwa kwenye basi, labda ameshapita Masumbwe, amekumbatia kifurushi chake. Ngumi ikabaki hewani.

"Hodi, mayu. Ni mimi."

Fimbo ya mzee ilianguka. Kiti kikaburuzwa. Sauti ya Mama Marcel ilitetemeka kwa furaha ambayo Mektilda hakuwahi kuisikia kwa mwanadamu.

"Marcel? Marcel wangu? Karibu, mwanangu! Karibu, pita ndani!"

Tuseme ukweli tu: Mektilda alinyamaza. Alinyamaza mpaka mlango wa jirani ulipofunguka, mpaka ulipofungwa. Na mezani, ile simu ya kwanza, ambayo kwa vituo vyote haikuwahi kudanganya, ikawaka yenyewe na kusema kwa upole: "Umefika."

Saa kumi na moja alirudi kutoka stendi akiwa amemshika Wema mkono, na gari la kubebea mizigo alishaliagiza. Asingelala pale hata usiku mmoja. Mama Marcel alikuwa kibarazani, mkaa umekolea jikoni, sahani mbili zimeoshwa. Alisimama bila fimbo. Uso wote ulikuwa unang'aa, na miguu yake mitupu ilikuwa na matope mpaka kwenye vifundo.

"Mama, mbona hapa kunanuka mvua?" Wema aliuliza.

"Shikamoo, mama," Mektilda alisema.

"Marahaba, marahaba, wanangu! Marcel amerudi! Yumo ndani, amelala, hataki mwanga kidogo, machimbo yamemchosha." Akamshika Mektilda mikono yote miwili. Viganja vyake vilikuwa baridi. "Na amenituma nikushukuru, mwanangu. Anasema asingepajua nyumbani. Anasema ni wewe uliyemwonyesha njia."