Sita za Babu Argyris

Kila alasiri baada ya shule, Thomai hupitia mkahawani, uwanjani pale Tyrnavos, mji wa Ugiriki, kumwita babu yake aje kula. Babu Argyris haondoki upesi. Thomai humkuta akicheza tavli, mchezo wa ubao na madadu, na Mzee Vaios, ubao katikati, kahawa imepoa, wakirusha kwa zamu madadu mawili ya mfupa ambayo babu aliyarithi kwa baba yake. Vaios akishindwa, na hushindwa mno, hunung'unika kwamba madadu ya Argyris yana mdudu ndani, na mkahawa mzima hucheka.

Wiki hiyo Mwalimu Stamatia alifundisha uwezekano. Dadu lina nyuso sita, alisema, kwa hiyo kila uso una nafasi moja kati ya sita. Ukilirusha mara mia moja na ishirini, nadharia inatarajia kila uso uje kama mara ishirini. Sasa nendeni mkarushe, mniletee kilichotokea.

Thomai aliazima dadu moja la babu, akalirusha juu ya meza ya jikoni. Sita ilikuja mara thelathini na tisa. Akajiambia ni bahati tu, akaanza upya. Arobaini na mbili.

Kumbe Mzee Vaios alikuwa akisema kweli! Na Rizos, mjukuu wa Vaios, anasoma naye darasa moja. Matokeo haya yakisomwa, kabla jua halijatua mji mzima utamwita babu yake mwizi. Maskini mtoto, mwishowe alichukua karatasi safi akaandika ishirini kwa kila uso.

Darasani Mwalimu aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu. Wenzake walikuwa na kumi na sita, ishirini na tatu, kumi na nane.

"Dadu la kwenu limepitia jeshini nini?" Rizos alimcheka. "Limejipanga mstari."

Mwalimu hakucheka. Alimwambia Thomai alilete dadu kesho, alirushe mbele ya wote.

Thomai akaenda hadi darajani, dadu limefumbatwa mkononi. Alitaka kulitupa mtoni, yaishe. Akakumbuka ni urithi wa babu, mkono ukagoma kufunguka. Hakuwa na pa kukimbilia tena. Akaenda mkahawani akilia, akamvuta babu nje.

"Babu, nakuomba usinifiche. Unawaibia watu?"

Babu alimsikiliza mpaka mwisho, hata zile ishirini za uongo. Kisha akauliza taratibu, "Vaios hurusha dadu lipi?"

Thomai alikuwa akiliona jambo hilo kila siku, lakini hofu haina macho. "Hilohilo," alijibu.

"Basi sita ikimpenda Argyris, inampenda na Vaios."

Thomai aliona aibu, akaomba msamaha. Babu akamfuta machozi. "Nimekusamehe. Lakini umenihukumu bila kuniuliza, na hilo limeniuma."

Kesho yake babu alikwenda naye shuleni, Vaios nyuma yake. Thomai akamweleza Mwalimu matokeo ya kweli na hofu iliyomfanya ayafiche. Rizos akapewa dadu arushe, na sita zikamiminika. Mwalimu aliligeuzageuza dirishani, akaona matundu ya uso wa sita yamechimbwa kwa kina zaidi kuliko mengine. Upande ule ni mwepesi, alieleza, ndiyo maana hupenda kukaa juu.

"Moja kati ya sita ni ya dadu lililo sawa pande zote," alisema. "Jaribio lako lilikwisha kuligundua hili, Thomai, nawe ukalificha. Nadharia na jaribio vikipishana sana, tunarudia, kisha tunauliza kwa nini. Matokeo hayamwiti mtu mwizi."

Vaios alijikuna kichwa. "Sasa miaka yote hii nimeshindwa na nini?"

"Hujui kucheza," babu alimjibu, na darasa likaangua kicheko.

Thomai hakucheka. Babu akamwinamia. "Dadu hili limepinda, mjukuu wangu, na halijamdanganya mtu. Karatasi yako ilinyooka, nayo ndiyo iliyodanganya."

Thomai akaomba karatasi nyingine. Akaandika mbele ya wote: sita, mara thelathini na tisa.