Muuza Dhamana Asiyejua Kuendesha

Gari lilizimika katikati ya lango la soko kuu, Jumamosi asubuhi, wakati mji mzima ulikuwa umeamua kufanya manunuzi kwa mpigo. Honi zikaanza. Nyuma kulikuwa na lori la viazi, na nyuma ya lori foleni iliyofika mpaka kona. Mwanafunzi, mama mtu mzima mwenye miwani minene, aliachia usukani akajifunika uso kwa viganja.

"Mama, usukani haujakukosea kitu. Ushike," alisema Mwalimu.

Kila mtu alimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki. Alifundisha udereva, na alifundisha kwa gari lake mwenyewe, gari la zamani ambalo rangi yake nyeupe ilikuwa imegeuka kama ya chai iliyozidiwa maziwa. Siku hiyo alivaa shati la mistari ya buluu lililokunjwa mikono, viatu vya raba, na hereni kubwa za mviringo ambazo ndizo pekee alizojipa kama urembo wa kazini.

Mtu aligonga dirisha. Alikuwa kijana mrefu mwenye suti ya kijivu na mkoba begani. Mwalimu alishusha kioo akidhani amepata msaada.

"Samahani dada. Gari hili ni la mwaka gani?"

"Kaka, unaona tulivyokwama hapa?"

"Naona. Ndiyo maana nauliza. Lina dhamana?"

"Dhamana ya nini?"

"Ya nyongeza. Kwa magari ambayo dhamana ya kiwandani imeshapita muda wake. Unalipa kidogo kidogo kila mwezi, likiharibika kampuni inatengeneza."

"Halijaharibika. Limezimwa na mwanafunzi."

"Kwa leo," alisema yule kijana kwa upole.

Mwalimu alimtazama kuanzia tai mpaka viatu. "Sukuma au ondoka."

Kijana akavua koti, akalikunja vizuri juu ya paa la gari, akaenda nyuma akasukuma. Mwanafunzi aliwasha, gari likaitikia, likaruka mbele kama mbuzi aliyekata kamba, na koti likaondoka nalo. Waliposimama ndani ya maegesho, koti lilikuwa limeshaanguka langoni, na lile lori la viazi limeshapita juu yake.

Kijana alirudi amelishika kwa vidole viwili. Mwalimu alijitahidi asicheke, ikamshinda. Akaomba namba yake ya simu ili agharamie kulifua.

Jioni ya Jumatatu alimpigia.

"Koti limetakata?"

"Limetakata. Ila alama ya tairi imebaki mgongoni. Wateja wananiuliza niligongwa lini."

"Unawajibu nini?"

"Nawaambia gari lililonigonga halikuwa na dhamana."

Walizungumza mpaka chakula cha Mwalimu kikapoa. Kabla ya kuagana, kijana akasema anataka kujifunza kuendesha.

"Subiri," alisema Mwalimu. "Unauza dhamana za magari na hujui kuendesha?"

"Wauza majeneza nao hawajafa."

Akampa jina pale pale: Bwana Dhamana.

Mwalimu alikuwa amefundisha watu wa kila aina, lakini hakuwahi kukutana na mtu wa kumchosha kama huyu. Alisimama kwa kila kitu. Alisimama kumpisha paka, alisimama kupisha mifuko ya plastiki iliyopeperushwa na upepo.

"Sasa hapa unamsubiri nani?"

"Yule mzee anataka kuvuka."

"Yule mzee ameegemea nguzo anasoma gazeti."

"Anaweza kumaliza."

"Bwana Dhamana, kanyaga mafuta kabla sijashuka nikaenda kwa miguu."

Hata hivyo, somo likiisha hawakuachana. Kulikuwa na mkahawa mdogo karibu na ofisi ya posta, wenye meza dirishani, na walizoea kukaa hapo wakibishana kuhusu rivasi. Bwana Dhamana alikuwa na sauti ya taratibu na tabia ya kukumbuka mambo: kwamba Mwalimu hanywi chai yenye sukari, kwamba goti lake la kushoto humuuma akikaa sana garini. Kila asubuhi alimpigia Mwalimu kabla hajatoka kitandani.

"Mwalimu wangu, umeamkaje?"

"Nimeamka mzima. Vipi, umekanyaga klachi ndotoni?"

"Nimekanyaga ukuta. Kidole kimevimba."

"Pole, mpenzi," alisema Mwalimu, na neno hilo likamtoka kabla hajalizuia. Upande wa pili ulicheka kwa furaha.

Habari ya dhamana ilirudi yenyewe. Jioni moja mkahawani, Bwana Dhamana aliweka kikombe chini.

"Likiharibika kubwa, utafanya nini? Hilo gari ndilo kazi yako yote."

"Nalitunza. Nabadilisha oili kwa wakati. Gari haliharibiki kwa kisirani."

"Lakini ni la zamani, laazizi. Nataka tu ulale usingizi."

"Na kwamba nafundishia watu, kampuni yenu haina neno?"

"Nitamuuliza msimamizi."

Kesho yake alijibu kwamba hakuna shida. Mwalimu akalipa, na akaendelea kulipa kila mwezi. Mama yake, aliyekaa naye nyumba moja na aliyekuwa na maoni juu ya kila kitu kilichoingia ndani ya nyumba hiyo, alimtazama juu ya miwani.

"Kama gari ni zima, unalipia nini? Na kama ni bovu, nani mjinga wa kukuwekea dhamana?"

"Mama, siyo rahisi hivyo."

"Mimi nimeuliza tu. Huyo kijana ana meno mazuri, nimekubali. Nimeuliza habari ya gari."

Giaboksi ilikufa kwenye mlima wa hospitali, mwanafunzi akiwa kwenye usukani. Ilitoa sauti ya sufuria iliyojaa misumari, kisha gia zote zikawa hazina maana. Mwalimu alilivutisha gari mpaka gereji, akapiga simu kampuni ya dhamana kwa moyo mweupe, akasubiri. Majibu yaliletwa na binti mwenye sauti laini.

"Ombi lako halikukubaliwa, dada. Gari linatumika kibiashara. Pia giaboksi imeonekana kuwa na uchakavu wa kawaida."

"Na uchakavu usio wa kawaida unakuwaje?"

"Samahani?"

"Mnauza dhamana ya magari ya zamani. Mlitegemea liharibike kwa sababu gani? Kwa utoto?"

"Dada, masharti yako wazi."

"Huo uwazi wenu uko wapi, binti? Mimi nauona leo."

Alikata, akampigia Bwana Dhamana.

"Uliniambia umeuliza."

"Niliuliza."

"Ukajibiwa nini? Maneno yenyewe, si tafsiri yako."

Mwalimu alisikia simu zikilia nyuma yake, pale ofisini.

"Alisema, 'Wewe uza tu, hayo mengine yataangaliwa.' Nikaelewa kwamba hakuna shida."

"Ulielewa, au ulitaka kuelewa?"

Mwalimu alipekua karatasi za dhamana kwa mkono mmoja.

"Na uchakavu? Uliwahi kunisomea mahali popote kwamba kikichakaa kitu hamlipi?"

"Sikukusomea."

"Kwa hiyo masomo, chai, pole ya goti, mpenzi na laazizi, yote ilikuwa njia ya kufika kwenye giaboksi yangu."

"Hapana, usiseme hivyo. Nisikilize—"

"Nimekusikiliza vya kutosha. Nenda kasimame umpishe paka."

Akakata. Bwana Dhamana alipopiga tena Mwalimu hakupokea, na alipopiga jioni hakupokea pia.

Siku zilizofuata zilikuwa za kukera. Wanafunzi wake walihamia kwa walimu wengine mmoja baada ya mwingine, wakiomba radhi. Ilibidi akaombe kibarua katika shule kubwa ya udereva, ya kufundisha alama za barabarani kwenye chumba chenye joto na feni iliyozunguka kwa kujilazimisha. Alisimama mbele ya ubao akielekeza pembetatu na duara kwa rula, na kila alipofika kwenye alama ya kivuko cha watembea kwa miguu alimkumbuka mtu, akakasirika, akaruka alama inayofuata. Nyumbani mama yake hakusema "nilikwambia." Alipakua chakula tu na kupumua kwa nguvu, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Mchana mmoja, katikati ya mapumziko, simu yake iliita. Namba ya kampuni. Alipokea akiwa amejiandaa kugombana.

"Simu hii inarekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma," ilisema mashine. Kisha sauti ya taratibu anayoifahamu.

"Tafadhali usikate. Nimepiga kwa laini ya ofisi makusudi, ili ibaki kwenye rekodi. Mimi ndiye niliyemuuzia mteja huyu dhamana. Nilijua gari ni la kufundishia, nimejifunza ndani yake mwenyewe. Nilimweleza msimamizi wangu kabla ya kuuza, akaniambia niuze. Kwa hiyo kampuni ilijua tangu mwanzo, na imepokea malipo yake kila mwezi ikijua."

Nyuma yake mtu mzima aliuliza kwa ukali, "Wewe, unaongea na nani?"

"Naongea na mteja," alijibu Bwana Dhamana bila kupandisha sauti. "Habari ya uchakavu siwezi kuitetea. Imo kwenye masharti, na sikumsomea kwa sababu niliogopa atakataa. Hilo ni kosa langu, si lake. Na jambo la mwisho, nalo lirekodiwe: nampenda huyu mteja. Nilimpenda kabla sijajua gari lake ni la mwaka—"

Laini ilikatika.

Mwalimu alibaki ameshika simu katikati ya ua wa shule, wanafunzi wakimpita na soda zao. "Mjinga huyu," alisema peke yake. "Mjinga kabisa." Akafuta macho kwa mkono wa shati, akarudi darasani, akafundisha alama zote bila kuruka hata moja.

Bwana Dhamana aliachishwa kazi siku ile ile. Kampuni ilizungusha maneno wee, ikahamisha simu ya Mwalimu kutoka dawati hili hadi lile, na hatimaye ikamrudishia alichowalipa. Giaboksi hawakuigusa. Alichanganya fedha hizo na akiba yake, fundi akamtafutia giaboksi iliyotolewa kwenye gari jingine lililogongwa nyuma. Ndipo akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Nimeachishwa kazi."

"Najua. Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Gari linatoka gereji kesho. Njoo."

"Nije kufanya nini?"

"Kwani una kazi nyingine?"

Alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi na uso wa mtu anayeenda kutolewa jino. Hawakukumbatiana. Walisimama kando kando wakimtazama fundi akipangusa mikono kwa kitambaa, na fundi akawaambia giaboksi ni nzuri, ila yeye si nabii.

"Nijibu kitu kimoja," Mwalimu alisema fundi alipoondoka. "Leo ungekuwa bado kazini, ungeniuzia tena?"

"Nisingekuuzia."

"Kwa nini?"

"Gari la umri huu linakufa kwa kuchakaa, na kuchakaa ndicho kitu cha kwanza wanachokitoa. Kwa gari la mtu binafsi ambalo bado ni changa kidogo, na mtu akasoma masharti yote, pengine. Wewe ile hela ya kila mwezi ungeiweka pembeni tu, ungekuwa umeshanunua giaboksi na chenji ikabaki."

"Ulikuwa unayajua haya tangu zamani?"

"Nilikuwa nayajua kwa magari ya watu wengine. La kwako nilijidanganya. Nisamehe."

Mwalimu alishusha pumzi ndefu. Alikuwa amechoka kukasirika, na alikuwa amezikosa zile simu za asubuhi kuliko alivyotaka kukiri.

"Ingia," alisema. "Upande wa usukani. Hujamaliza masomo."

Waliketi. Kabla hajagusa ufunguo, simu ya Mwalimu iliita ndani ya mkoba. Aliiweka kwenye spika akitafuta miwani yake ya jua.

"Gari limepona?" aliuliza mama yake.

"Limepona, mama."

"Na yule wa meno mazuri yuko hapo?"

Mwalimu alifumba macho. "Yupo."

"Shikamoo, mama," alisema Bwana Dhamana.

"Marahaba. Nasikia umefukuzwa kazi kwa ajili ya mwanangu."

"Ndiyo, mama."

"Sasa niambie, unamuoa au unamzungusha? Maana humu ndani amenuna mpaka mimi mwenyewe nimechoka."

"Mama," alisema Mwalimu, "hiyo siyo habari ya simu."

"Namuoa, mama," alisema Bwana Dhamana.

Mwalimu akamgeukia. "Mimi umeniuliza?"

Bwana Dhamana aliondoa mikono kwenye usukani, akaiweka magotini kama mtoto wa shule. "Nakuuliza. Sina kazi, sina leseni, koti langu lina alama ya tairi. Utakubali nikuoe?"

Mwalimu alimtazama, hereni zikicheza mashavuni, kisha akatazama mbele kupitia kioo.

"Funga mkanda," alisema.

Simu ilikohoa. "Amesema nini? Sikusikia."

"Amesema nifunge mkanda, mama."

"Basi amekubali," alisema mama. "Angekuwa hakutaki angekwambia ushuke."