Mashina Arobaini na Moja ya Giligilani

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, nilikuwa nikifika bustani ya shule na kopo langu la kumwagilia. Babu yangu ndiye mtunza bustani wa shule yetu, lakini muhula ule aliteleza kwenye ngazi ya tangi la maji akavunjika mguu. Akawa anashinda nyumbani na plasta kuanzia pajani mpaka kwenye vidole, mkali kama pilipili. Tuta lake la kabichi, mashina ishirini na manne, aliniachia mimi.

"Siku ya kufunga shule nitakuja na magongo yangu kuziona," aliniambia. "Nikikuta zimekufa, usinisalimie."

Hakuwa anatania. Mama husema mimi na Babu tukikosewa tunaweza kununa mpaka ukuta uombe radhi.

Nilianza na usafi. Kando ya tuta Babu alikuwa ameacha giligilani zikue ovyo mpaka zikatoa maua meupe. Nikaona huo ni uzee tu. Nikazing'oa zote, nikafagia, tuta likapendeza kama sebule ya wageni. Tuta la jirani lilikuwa la msichana wa darasa letu tuliyemwita Kipaza, kwa kuwa hakujaliwa kunong'ona. Yeye aliacha giligilani zake zichanue, tena akachomeka vitunguu katikati ya kabichi. Nikamcheka kimoyomoyo.

Wiki ya pili wakaingia vidukari, wadudu wadogo wa rangi ya majivu, wamejazana chini ya majani wakifyonza utomvu. Majani yakaanza kujikunja. Nilipandwa na hasira kana kwamba wananifyonza mimi.

"Mmenichokoza," niliwaambia. "Sasa mtanitambua."

Nikawaponda kwa kidole gumba. Katikati yao nikakuta wengine wa kutisha zaidi: weusi, warefu kidogo, wana miiba mgongoni na madoa ya rangi ya chungwa. Nikajua hao ndio wakubwa wao. Hao niliwashughulikia mmoja mmoja, chini ya kisigino, huku nikihesabu. Kwa siku tatu niliua arobaini na mmoja, na nikaenda nyumbani nikipiga mluzi.

Ajabu, vidukari walizidi. Jioni Babu akiniuliza, "Kabichi zangu zikoje?" nilimjibu, "Zinanenepa, Babu." Naye alitabasamu, jambo ambalo halikuwa la kila siku.

Kisha Kipaza akaniharibia siku kabisa. Darasa zima lilikuwa bustanini aliponyanyua jani langu moja. "Jamani, njooni muone! Kabichi zimepakwa majivu!" Waliokuwa mwisho wa bustani walisikia. Hata mwalimu wa kilimo aliziba mdomo asicheke.

Masikio yaliniwaka moto. Mbona kabichi zake safi na zangu zinakufa, na yuko hapo hapo pembeni? Nikakata shauri kwamba yeye ndiye aliyenitupia wadudu. Ushahidi sikuwa nao, na wala sikuutafuta. Wakati wa mapumziko nilikata majani matatu yaliyojaa vidukari, nikayasukuma chini ya kabichi zake.

Nikasubiri. Siku ya nne niliinama kwenye tuta lake, tayari kushangilia. Sikuona kidukari hata mmoja. Juu ya majani niliyoyaleta, ambayo sasa yalikuwa makavu, walitambaa wale wenye miiba, wanono hao! Nikanyanyua kisigino.

"Wee! Mguu wako huo!" Kipaza alipiga kelele mpaka ndege wakaruka. "Unamkanyaga mtoto wa kibibi!"

"Kibibi gani?"

"Yule mwekundu wa mviringo, mwenye madoa meusi mgongoni. Akiwa mdogo ndivyo alivyo. Anakula vidukari kutwa. Wazazi wake hufuata maua ya giligilani, kisha hutaga mayai palipo na vidukari. Si Babu yako ndiye aliyenifundisha? Hata vitunguu hivi aliniambia nivipande, harufu yake inawasumbua wadudu."

Nilikaa chini, pale pale kwenye udongo. Arobaini na mmoja. Na giligilani nilizing'oa kwa mikono yangu mwenyewe.

Jioni ile Babu aliponiuliza habari za kabichi zake, nililia. Nikamwambia yote: giligilani, wale wenye miiba, uongo wangu, na yale majani matatu.

"Umewaua askari wangu," alisema, "kisha ukawapelekea askari wa mwenzako chakula."

"Nisamehe, Babu. Bado nataka kuwakomesha wale vidukari."

"Utawakomesha. Ila utaanza kwa yule uliyemkosea, maana askari waliobaki ni wake. Nenda kawaombe."

Afadhali angenichapa! Kumwomba Kipaza! Sikulala vizuri. Asubuhi nilimfuata kwenye tuta lake nikamweleza kwa sauti ya chini.

"Sikusikii," alisema.

"Mimi ndiye niliyekuwekea wadudu."

"Bado sikusikii."

"MIMI NDIYE NILIYEKUWEKEA WADUDU! NISAMEHE!"

Shule nzima iligeuka. Kipaza akaitikia kwa kichwa taratibu, ameridhika. "Haya. Sasa tumelipizana." Akachukua kikopo, akaokota watoto wa vibibi ishirini kwa ncha ya jani na kunihesabia mkononi. Tukawapulizia maji vidukari ili wapungue, tukawaacha wageni wetu wafanye kazi. Kila nilipomwona mmoja amemkamata kidukari nilimnong'oneza, "Kula, baba, usibakize."

Siku ya kufunga shule Babu alikuja, magongo yakizama kwenye udongo. Kabichi kumi na nane zilikuwa zimefunga vizuri. Sita zilikuwa zimekufa, nami niliziacha zilipo, sikutaka kumdanganya tena. Alizitazama zote. Nilisimama mbali, sikujua kama ninaruhusiwa kumsalimia.

"Hunisalimii?" alifoka.

"Shikamoo, Babu!"

"Marahaba. Sikiliza, mjukuu wangu. Kukasirika si kosa, hata mimi nimekasirika hapa nilipo. Kosa lako ni kupiga kabla ya kujua unayempiga. Mdudu hukumjua, na mwenzako hukumuuliza. Siku nyingine ukisikia mkono unawasha, uliza kwanza." Akaegemea magongo yake. "Wale askari wangu walikuwa wangapi vile?"

"Arobaini na mmoja," nilijibu polepole.

"Basi kila mmoja utampandia shina la giligilani. Utazimwagilia mpaka zitoe maua, na hutang'oa hata moja."

Ndiyo maana likizo hii mnaniona nimepiga magoti kando ya tuta. Nimefika shina la ishirini na tisa, mgongo unaniuma, na siwezi kudanganya hata moja. Babu amemweka Kipaza anihesabie, na mtaa mzima unasikia.