Asilale Kwenye Baridi

Kila jioni, kabla ya kufunga, Mama Lebo alizunguka ghala la makumbusho akipapasa kuta kama zina unyevu na kuchungulia mitego ya mende chini ya rafu. Jina hilo alibandikwa na wenzake, maana hakuna kitu kilichopita mikononi mwake kikakosa namba. Hata kikombe chake cha chai alikiwekea lebo, kisha akashangaa watu wanacheka nini.

Jioni hiyo mlinzi alichungulia mlangoni.

"Mama Lebo, kuna bibi hapa ana mzigo. Nimemwambia aje kesho, hasikii la mwadhini wala la mteka maji."

Bibi mwenyewe alikuwa mwembamba, amejitanda shuka, ananuka majivu yaliyomwagiwa maji. Alifungua kitambaa taratibu. Ndani alilala mwanasesere wa mti, urefu wa mkono, mweusi kwa kushikwashikwa, ana shanga nyekundu shingoni.

Moyo wa Mama Lebo uliruka. Miaka tisa alikuwa akitafuta vitu vya watoto kwa ajili ya rafu moja tupu, na sasa vinamfuata vyenyewe kwa miguu.

"Ni wa nani, bibi?"

"Wangu. Nimechoka, siwezi tena kumtunza." Bibi alisogea, akanong'ona. "Wewe una mtoto?"

"Ninaye. Mmoja tu."

"Huyu utamtunza kama huyo wako?"

Sasa hapo Mama Lebo alikuwa na maneno yake, aliyomwambia kila mtu aliyeleta kitu, mpaka wenzake waliyajua kwa moyo. "Bibi yangu, kinachoingia humu nakitunza kama mwanangu wa kumzaa."

"Basi wamekuwa wawili," bibi alisema. "Ila asilale kwenye baridi."

"Hatalala, bibi. Usiwe na shaka."

Alijua anadanganya. Kila kitu cha mti kilichoingia ghalani kilifungwa kwenye nailoni kikalala majuma mawili ndani ya friza, wadudu wafe, wasije wakatafuna na vingine. Ni uongo mdogo tu, alijisemea, wa kumliwaza mzee. Bibi akaweka dole gumba kwenye fomu, akaenda zake. Jina hakutaja.

Siku ya tatu, binti wa Mama Lebo alinyamaza.

Alikuwa na miaka sita, na nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mchana ule alikaa kizingitini, jua linachoma mabati, akajikunyata.

"Mama, nasikia baridi..."

Hospitalini daktari alimpima, akakitikisa kipimajoto, akaleta kingine. Hakuwa na homa. Alikuwa amepoa, na alizidi kupoa. Walimlundikia mablanketi, wakampangia chupa za maji ya moto ubavuni. Siku ya tano mdogo wake Mama Lebo alimshika mtoto miguu, akairudisha mikono yake haraka.

"Dada... kucha zina barafu."

Mama Lebo aliinama. Pumzi ya mwanawe ilinuka majivu. Midomo ya zambarau ikatikisika.

"Mama. Nitoe kwenye nailoni."

Chiriku hakuwahi kukanyaga ghalani hata siku moja.

Mama Lebo hakuaga. Alifika makumbusho saa sita ya mchana, viatu mkononi, akafungua friza. Ukungu ukamwagika. Mwanasesere alikuwa pale alipomlaza, na nailoni yake ilikuwa kavu kote isipokuwa mahali pamoja.

Mdomoni.

Akamnyanyua. Hapo ndipo mikono ilipomganda, maana kazi yake aliijua. Mti ukitoka kwenye friza huachwa ndani ya nailoni yake siku nzima, upate joto kidogo kidogo. Ukiharakishwa, unapasuka. Alikuwa amewafundisha wenzake wote, na kila mara alimalizia kwamba haraka haraka haina baraka.

Akampigia mdogo wake.

"Daktari anasemaje?"

"Anasema asipopata joto ndani ya saa hii... Dada, njoo tu."

Siku nzima angeitoa wapi?

"Usifungue, Mama Lebo," mlinzi alisema nyuma yake. "Si wewe uliyetufundisha?"

"Angekuwa wako, ungengoja?"

Mlinzi akampisha mlangoni.

Akaichana nailoni kwa meno. Akamtia mwanasesere kifuani, ndani ya blauzi, akatoka kuketi kwenye ngazi juani. Akampulizia. Akamsugua. Akambembeleza kama mtoto wa kunyonya, na haya hakuona.

Simu ikalia.

"Dada! Anapata joto! Amefumbua macho, anaongea! Msikie!"

Na kweli, sauti ya Chiriku ilikuja, ile ile ya kumaliza masikio ya watu. Mama, uko wapi, mama, nataka maji, mama, shangazi wa jirani ana... Mama Lebo alicheka na kulia kwa pamoja. Alimkumbatia yule wa mti kwa nguvu zaidi.

Tak.

Ilitoka chini ya kidevu chake.

"Mama?" Chiriku alisema.

Tak... tak...

Ufa ulianza utosini, ukashuka usoni polepole, ukafika kifuani. Mama Lebo aliubana kwa viganja vyote viwili. Kwenye simu mtoto alikuwa amenyamaza, na aliyebaki akipiga kelele ni mdogo wake.

Walimzika Chiriku kesho yake.

Baadaye Mama Lebo aliitafuta ile fomu. Alama ya dole gumba ilikuwa pale, safi, ila ilikuwa ndogo. Kidole cha mtoto wa miaka sita hivi. Mlinzi aliapa kwamba aliyeingia siku ile alikuwa ajuza.

"Kichome moto hicho kitu," mlinzi alimsihi.

"Kitu kikishapewa namba hakitoki," alijibu.

Rafu ile haiko tupu tena. Kila jioni, wenzake wakishaondoka, Mama Lebo humshusha yule wa mti, akampakata. Mwanawe wa kumzaa amelala udongoni, kwenye baridi. Huyu, hata kipindi cha mvua, ana joto la mtoto aliyetoka usingizini.