Tumbo la Kushoto

Aliyemwambia kwanza ni wifi yake, tena wakiwa wanafua.

"Mumeo hakuzaliwa peke yake," wifi alisema huku akikamua nepi, kama mtu anayesema kwamba jua leo ni kali.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Mtoto, wa miezi saba, alikaa kwenye mkeka akitafuna kibanio cha nguo. Uani, mahali palipokuwa na kamba ya kuanikia, palikuwa na boti. Mumewe aliing'oa kamba ile ili boti ipate kukaa, na tangu hapo nepi zilianikwa dirishani, kwenye viti, hata juu ya mlango wa choo. Majirani wakipita walichungulia ukutani wakamwita, "Mama Safina! Mvua inaanza lini?" Naye, kwa kuwa alikuwa mtu wa haya, alitabasamu akaingia ndani, kisha sufuria zikasikika zikigongana.

Mumewe alikuwa fundi wa milango. Alikuwa na mikono mizuri na wateja wa kutosha. Kisha siku moja aliona kwenye simu ya mteja watu wanaovuka bahari kuu kwa katamarani ndogo sana, zile boti zenye matumbo mawili yaliyounganishwa kwa mbao na wavu, na akili yake ikahama hapo hapo. Akaanza kujenga yake. Kila tumbo lilikuwa na urefu wa hatua saba na upana wa mabega ya mtu mmoja. Humo ndani mtu aliweza kulala chali, basi. Kukaa kitako hakuweza. Na kutoka tumbo moja kwenda la pili, mpaka utoke nje utambae juu ya wavu.

"Hakuzaliwa peke yake kivipi?" aliuliza.

"Alikuwa na pacha. Nilikuwa na miaka tisa, nikaona kwa macho yangu. Wa kwanza alitoka analia, mnene kama mkate. Wa pili alitoka kimya. Ngozi na mifupa. Wanawake waliokuwepo walinong'ona kwamba huyu mnene kala fungu la mwenzake humo humo tumboni." Wifi alikung'uta nepi. "Wakamzika mchana ule ule. Hata jina hawakumpa. Na mama akatukataza kumsema."

"Mbona unamsema leo?"

"Si hiyo boti? Kila nikiiangalia nakumbuka." Kisha wifi akacheka. "Labda ndiyo maana anajenga vitu viwili viwili."

Mchana mke wa fundi aliingiza kichwa kwenye tumbo la kushoto, ambalo mumewe alisema ni la kuwekea chakula na maji. Akakuta kitanda. Kilikuwa kimepigwa randa vizuri, na ubao wa kichwani umekatwa mviringo.

"Hiki kitanda cha nani?"

"Boti lazima iwe sawa pande zote mbili," alisema fundi bila kuinua macho. "La sivyo inapinda."

Hakuridhika. Lakini kubishana na mtu aliyeweka misumari mdomoni ni kazi bure.

Fundi aliondoka baada ya wiki tano. Safari ilikuwa ya siku arobaini. Mkewe ndiye aliyejaza maji kwenye madumu ishirini, akayaandika namba kwa kalamu ya wino mzito, moja mpaka ishirini. Dumu moja siku mbili, ndivyo walivyopanga. Fundi alibeba kifaa kidogo cha setilaiti chenye kitufe chekundu cha kuomba msaada. Kifaa hicho kiliweza pia kutuma ujumbe mfupi kwenye simu ya nyumbani na kupokea majibu. Ili chaji isiishe, angetuma mmoja tu kila siku, saa sita mchana.

Basi hayo ndiyo yalikuwa maisha ya mkewe. Anasubiri saa ishirini na nne apate maneno kumi.

Siku ya pili: "Nimekula. Nimelala kidogo. Upepo mzuri. Mbusu mtoto."

Siku ya tisa: "Tumbo la kushoto limezama kuliko la kulia. Nimehamisha madumu manne. Bado limezama."

Hilo lilimkera. Kila siku maji yanapungua, chakula kinapungua. Tumbo la kushoto lilipaswa kuwa jepesi, si zito. Akamwandikia aangalie kama linavuja. Kesho yake fundi akajibu kwamba ameona samaki wanaoruka.

Siku ya kumi na moja: "Tumekula. Tumelala vizuri. Bahari imetulia."

Aliusoma ule ujumbe mara tatu, amesimama mlangoni na mtoto kiunoni. Yeye shule aliishia ya msingi, lakini tahajia yake ilikuwa safi, na macho yake hayakuacha herufi ipite. Siku kumi zote mumewe ameandika nime, nime, nime. Leo tume.

Akauliza: "Wewe na nani?"

Jibu likaja siku ya pili yake, saa sita juu ya alama: "Mvua imenyesha. Tumekinga vikombe viwili."

"Vikombe viwili ni kipimo," wifi alimwambia. "Usitafute makubwa, wifi yangu."

"Na hiyo 'tume'?"

Wifi alimchukua mtoto akaenda kumwonyesha kuku wa jirani.

Kesho yake mke wa fundi akaenda bandarini, kwenye ofisi ya uokoaji, mtoto mgongoni. Karani alikuwa akibana karatasi kwa pini, moja baada ya nyingine. Alimsikiliza bila kuacha kubana.

"Mama, mumeo amebonyeza kitufe chekundu?"

"Bado."

"Sasa shida nini?"

"Anaandika tumekula. Na yuko peke yake."

Karani alicheka, wala si kwa ubaya. "Mama, mtu ukimuuliza habari zake, si anakujibu 'tupo'? Tupo wangapi? Mmoja! Hata mimi hapa nikitoka kula nasema tumekula, na nimekula mwenyewe kona ile pale. Ni adabu tu ya maneno."

Alitaka kumwambia kwamba mumewe hana adabu hiyo, kwamba hata akiwa na watu kumi husema 'nimefika'. Lakini aliona haya. Akashukuru akatoka. Njiani alijitukana mpaka akafika.

Siku ya kumi na nane: "Tumefungua la kumi na tano."

Alikaa chini. Alihesabu kwa vidole, akahesabu kwa vibanio vya nguo, akaandika kwenye karatasi. Siku ya kumi na nane lilipaswa kuwa bado linatumika dumu la tisa. Mtu mmoja hanywi hivyo.

Alirudi kwa karani akamwekea karatasi mezani.

"Yamevuja," karani alisema.

"Yangevuja angesema yamevuja."

"Mama, nisikilize. Akibonyeza, mahali alipo panaonekana, na meli ya karibu inakwenda. Asipobonyeza, nitamwambia nini nahodha wa meli ya mizigo? Geuza njia, kuna mke wa mtu ameona herufi mbili?"

Siku hiyo alimwandikia mumewe maneno manne: "Bonyeza kitufe chekundu leo."

Saa ishirini na nne. Alipika, akafua, akafagia mahali boti ilipokuwa, ambapo nyasi zilikuwa zimekufa katika mistari miwili. Saa sita simu ikalia.

"Amekataa."

Neno moja. Alimwandikia: "Nani amekataa?" Akasubiri tena siku nzima. Alitamani kuipiga simu ukutani.

"Kifaa nakiacha kushoto. Nikimaliza kukuandikia anakilalia."

Siku iliyofuata hakuuliza kitu. Ujumbe ulikuja tu.

"Anasema mahali padogo yeye amezoea. Anasema sasa ni zamu yake ya kunywa."

Safari hii karani aliacha kubana karatasi. Alisoma, akarudia kusoma. Kisha akavuta kola ya shati lake. "Jua limempanda kichwani. Hutokea kwa watu wa hizi boti ndogo."

"Basi tumeni meli."

"Tuitume wapi, mama? Bahari yote ile?" Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nitaandika kwenye daftari."

"Daftari!" Ni neno pekee alilowahi kulisema kwa sauti kubwa mbele ya mtu wa ofisi. Mtoto alishtuka akalia. Watu kwenye foleni wakageuka.

Siku ya ishirini na tano, saa sita mchana, alikuwa jikoni. Wifi alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua mchele. Simu ikalia.

"Limebaki moja. Mimi sijanywa tangu jana. Amelishika."

Wifi aliona uso wake akasimama, mchele ukamwagika. "Kuna nini?"

Sufuria ilikuwa inafurika, maji yanazima moto, naye mke wa fundi hakuliona hilo. Siku kumi na nne ameandika kwa mumewe. Siku kumi na nne anajibiwa pembeni. Alichoka. Alichoka na karani, na daftari, na saa sita. Akili ilimwambia kwamba amekuwa akiongea na mtu asiyehusika.

Akaanza kuandika kwa yule mwingine.

Aliandika polepole, akafuta, akaandika. Hata wakati ule alikagua tahajia.

"Wewe wa pili. Najua hukupewa fungu lako. Lakini huyu mwache anywe. Kama unataka kukaa na watu, njoo kwangu. Nafasi ipo."

Akatuma.

Wifi alikuwa amesoma juu ya bega lake. Alinong'ona, "Umemkaribisha?"

"Nimechoka, wifi."

"Umemkaribisha ndani ya nyumba yenye mtoto?"

"Ningefanya nini? Niambie wewe. Ningefanya nini?"

Simu ikalia.

Wote wawili waliitazama. Tangu fundi aondoke, simu ile haikuwahi kuleta ujumbe wa pili kwa siku. Haikuwahi kujibu papo hapo.

"Asante."

Wifi alifunga mlango wa jikoni. Kisha akaona afadhali aufungue.

Usiku ukapita bila neno. Kesho yake, saa sita: "Nimebonyeza. Tumbo la kushoto limenyanyuka ghafla kama mtu ameshuka. Niko peke yangu. Nimekunywa."

Nime. Niko. Alilia mpaka mtoto akamshika pua.

Karani alipiga simu mwenyewe, anahema. Kitufe kimebonyezwa. Mahali pameonekana. Meli ya mizigo iko mwendo wa saa tano. "Mama, nisamehe kwa yale maneno," alisema. Jua lilipokuwa likizama alipiga tena: amepandishwa, yu hai, midomo imepasuka lakini anaongea. Boti imeachwa, haikuweza kupandishwa.

Wakampa simu fundi kwa dakika mbili. Sauti yake ilikwaruza kama randa butu.

"Mke wangu."

"Nipo. Pole. Pole sana."

"Nilipofika juu ya ngazi nikaangalia chini. Boti imekaa sawa. Pande zote mbili. Ulimwambia nini?"

"Pumzika kwanza."

"Ulimwambia nini? Maana aliacha dumu, akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka."

"Pumzika, mume wangu. Utanikuta."

Simu ikakatika. Wifi alitaka kulala pale, yeye akamkatalia. Alimlaza mtoto upande wa ukutani kama kawaida, naye akalala katikati, mgongo wake ukielekea nafasi ya mumewe. Alilala fofofo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku ishirini na sita.

Alipoamka, amelala chali, jua lilikuwa limeshafika kitandani. Mtoto alikuwa analia kwa njaa, amekunja ngumi. Ndipo alipokumbuka kwamba hakumsikia usiku kucha. Hakuamka hata mara moja kumnyonyesha. Akamvuta karibu, akampa titi la upande wa ukuta. Lilikuwa limejaa, linauma, kama linavyokuwa titi ambalo halijanyonywa usiku mzima. Mtoto alinyonya kwa pupa mpaka akahema.

Akamgeuza upande wa pili.

Mtoto alivuta. Akavuta tena. Akaachia, akamwangalia mama yake kwa mshangao.

Alijishika. Titi lile lilikuwa jepesi. Lilikuwa tupu, limenyonywa mpaka tone la mwisho, na chuchu ilikuwa bado imelowa. Ilikuwa baridi.

Akageuka taratibu. Kwenye nafasi ya mumewe shuka lilikuwa na unyevu, alama ndogo, haizidi urefu wa mkono wake kutoka kiwiko mpaka vidole. Kingo zake zilikuwa zimekauka zikawa nyeupe. Aligusa kwa kidole, akakiweka kwenye ulimi.

Chumvi.

"Wifi!" sauti iliita kutoka uani. "Umeamkaje? Lete hizo shuka tufue!"

Alifungua mdomo ajibu. Alama ile ikajongea kidogo, kuelekea ukingoni mwa kitanda.

"Leo sifui," alisema kwa sauti ya chini, ile anayoitumia mtoto akiwa usingizini.

Akanyoosha mkono akachukua mto wa mumewe, akauweka pale ukingoni, kwa urefu, asije akaanguka.