Guracha Kwenye Waya

Alhamisi, saa kumi jioni.

Chumba cha nyuma cha hoteli, Garsen. Mukhtar alichora ghala la dawa za mifugo kwa mkaa juu ya meza, akamkazia macho Halake, karani wa ghala hilo.

"Mlango?"

"Unaongozwa na kisanduku kilichoungwa waya mmoja na kompyuta za ofisi. Nambari yake ya mtandao hubadilika kila jenereta ikizimwa. Basi nimekipa jina. Nikiliona kwenye orodha, nabonyeza, umefunguka."

"Jina gani?"

"Guracha."

Boru, mdogo wake Halake, akacheka. Guracha alikuwa ng'ombe mweusi wa marehemu baba yao, wa mwisho kusombwa na mafuriko ya juzi. Halake alitaka jina ambalo hangelisahau hata akitetemeka, na mfugaji hasahau ng'ombe wake, maskini.

"Mimi dereva, Boru ataingia kubeba dawa," Mukhtar alisema.

"Nirudishie ndugu yangu mzima."

"Wewe fungua tu."

Ijumaa, saa saba kasorobo mchana.

Ofisi tupu, watu wako msikitini. Halake akamwona Guracha kwenye orodha, akabonyeza. Kupitia dirisha alimwona Boru akizama ghalani.

Saa saba kasoro dakika kumi.

Mlango wa ghala ukajifunga. Halake akatazama orodha. Guracha hayupo. Akatafuta tena, wapi! Kule ghalani chuma kikaanza kugongwa kwa ngumi.

"Usijisumbue," sauti ilisema nyuma yake. Jaldesa, mtunza ghala, mtu waliyechunga naye tangu utotoni. "Jina uliloandika lilitokea kwenye kila kompyuta humu, yangu pia. Nani mwingine Garsen angeita mashine Guracha? Mimi nimekunywa maziwa yake. Jana nilikitia kisanduku neno la siri, ili mimi tu niweze kukibadilisha jina, na sasa hivi nimekibadilisha, na kompyuta zote pia, nikaufunga mlango."

"Jaldesa, Boru yumo ndani."

Jaldesa akageukia dirisha. Uso ulimshuka.

"Nilidhani umemtuma mtu baki. Polisi nishawaita."

Nje, gari la Mukhtar lilinguruma, likarusha tope na kushika njia ya Minjila. Hakungoja mtu. Lori la polisi likasimama mbele ya ghala, askari wakaruka chini na bunduki, wakaukabili mlango.

Halake akarudi kwenye kompyuta. Orodha ilikuwa na majina saba, yote mageni kwake, moja likiwa la mlango. Akabonyeza la kwanza. Akabonyeza la pili. Boru alikuwa ameacha kugonga. Sasa alikuwa akimwita kaka yake kwa jina.