Sukari ya Tipa

Asubuhi. Stoo ya matairi, chumba cha nyuma.

"Nakuuliza mara ya mwisho, shemeji. Sukari gani inabebwa na tipa?" Mama Tipa aliuliza.

"Sukari ya wizi," Shemeji alijibu.

Kufuli, mfungua milango wao, alicheka. Bonge, mpakiaji, naye akacheka, ila yeye alisubiri kwanza aone Kufuli amecheka.

Mama Tipa hakucheka. "Tipa linabeba mchanga. Linabeba kifusi. Jana limebeba taka za machinjioni, nenda kanuse. Komeo la mlango wake wa nyuma limekufa, nafunga kwa kamba ya katani. Mji mzima una malori ya turubai, na wewe umeng'ang'ania langu?"

"Lako?" Shemeji aliweka bastola mezani taratibu, kama mtu anayeweka kikombe. "Gari ni la kaka yangu. Kaka yangu yuko jela. Ukoo ukikaa kesho, nikisema nalichukua, nani atanibishia? Wewe?"

Hapo ndipo Shemeji alipokuwa amemshika. Tangu mumewe afungwe, tipa lile ndilo lililomlisha, ndilo lililomweka binti yake shule ya bweni. Shemeji, mdogo wa mumewe, alikuwa ameahidi: kazi hii moja tu, kisha atasimama mbele ya ukoo aseme gari ni la mke wa kaka. Akikataa, gari linaondoka na mtoto anarudi nyumbani.

"Endelea," Mama Tipa alisema.

Shemeji alichora ghala kwa kidole kwenye vumbi la meza. Viwanda vya miwa vimekufa, alisema. Mashine zimeuzwa chuma chakavu, mashamba yamepimwa viwanja. Sukari sasa inaletwa na meli. Meli ikichelewa, wenye maghala wanafunga milango na kusubiri bei ipande.

"Kwetu tumehamia vidonge vya utamu," Bonge alisema. "Ukinywa chai, mdomo unabaki na ladha ya betri."

"Wewe betri umeilamba lini?" Kufuli aliuliza.

"Utotoni."

"Ndiyo maana."

"Nyamazeni," Shemeji alisema. Mlinzi anakwenda kula adhuhuri. Tipa linaingia kama gari la taka. Kufuli anafungua mlango, Bonge anapakia, taka kidogo zinatupwa juu. Shemeji atakaa mbele na dereva. Wale wawili watafuata na pikipiki.

"Na mnunuzi?" Mama Tipa aliuliza.

"Wewe shika usukani."

Adhuhuri. Ghalani.

Geti lilifunguliwa kabla Mama Tipa hajapiga honi.

Hilo halikumpendeza. Mlinzi hata hakumtazama usoni. Aliwapungia mkono waingie, akaenda zake na bakuli lake la chakula.

Kufuli alitoa funguo zake bandia, akazipangusa kwa leso, akainama mlangoni. Akasimama tena. "Liko wazi," alisema, kama mtu aliyetukanwa.

"Bahati," Shemeji alisema. "Pakieni."

Ndani kulinuka. Si harufu ya sukari. Ilikuwa harufu kali ya choo kilichofungwa muda mrefu, ikachoma macho. Magunia yalikuwa na madoa ya njano chini, na mengine yalikuwa yamegandana mpaka Bonge akayatenganisha kwa teke. Panya alikuwa amefia katikati ya mawili. Bonge alimtupa kando akaendelea, na kila akifika kwenye gunia lililochanika alichota kiganja akatia mdomoni.

"Miezi sijaonja sukari ya kweli," alisema. "Miezi, mama!"

Kila gunia lilikuwa na msalaba wa rangi nyekundu. Shemeji alisimama ndani ya bodi la tipa, akayageuza moja moja misalaba ikae chini.

"Hiyo rangi ya nini?" Mama Tipa aliuliza.

"Alama ya bandari."

Mama Tipa aliokota donge la sukari miguuni pake. Akaligusa kwa ncha ya ulimi. Tamu. Halafu baridi, kama chuma cha asubuhi. Halafu uchungu uliokwama kooni usitoke hata alipotema.

Baridi ile aliijua. Alikuwa amebeba mbolea msimu mzima, na kila dereva wa mbolea huionja apende asipende, vumbi likimtua midomoni. Sukari hii ilikuwa imelala na mbolea ndani ya meli, ikalowa, ikainywa. Wakaguzi wameikataa. Wameipiga msalaba ikazikwe.

Ndiyo maana geti liko wazi. Ndiyo maana tipa. Hawakuwa wamejifanya gari la taka. Walikuwa gari la taka. Mwenye mali alikuwa anangoja mtu wa kumwondolea uchafu, na Shemeji alikuwa amejipeleka mwenyewe.

Hata kuiba, hawakuwa wameiba.

Mchana. Njia ya mabwawani.

Walipita njia ya nyuma, kwenye mabwawa ya majitaka. Askari hawasimami huko kwa sababu ya harufu. Kabla ya kufika mabwawani, Mama Tipa aliona kwenye kioo pikipiki ikisimama. Bonge alikuwa amepiga magoti kando ya barabara, anatapika povu jeupe. Kufuli amemshika shati.

"Bonge anaumwa."

"Endesha."

"Amekula kile kitu, shemeji. Viganja tu. Mwone."

"Kwenye chai unaweka kijiko. Haiui mtu."

"Chai ya nani?"

Shemeji alishusha kioo, akasikia harufu, akapandisha. "Magunia mapya yako tayari. Tunachekecha, tunakausha, tunashona. Yule anayepeleka vyakula shuleni anachukua yote."

"Shule zipi?"

Shemeji aligeukia dirishani.

"Za bweni?"

"Shemeji, usianze."

"Mwanangu yuko bweni. Mtoto wa kaka yako. Umembeba mgongoni huyo!"

"Basi mwambie asinywe chai." Akacheka kidogo, akajikuna shingo kwa mdomo wa bastola. "Na kesho gari lako. Sijavunja neno langu, umeona?"

Mama Tipa alimtazama vidole. Vilikuwa na chembe nyeupe, na yeye mwenyewe alikuwa anavifuta kwenye suruali, mara moja, mara mbili. Hakuvilamba. Hakuvisogeza hata karibu na mdomo.

Mbele yao, juu ya tuta jembamba, lilitokea gari la kunyonya vyoo. Likapiga honi. Hapakuwa na nafasi ya magari mawili.

"Mwambie arudi yeye," Shemeji alisema.

"Amejaa. Narudi mimi."

Alirudi nyuma pole pole, macho kwenye kioo, mpaka pale palipojengwa sakafu ya zege inayoinamia bwawani, ambapo magari ya vyoo humwaga. Akakata usukani. Matairi ya nyuma yakapanda zege. Gari la vyoo likapita, dereva wake akainua mkono kushukuru.

"Haya, twende," Shemeji alisema.

Mama Tipa alivuta breki ya mkono.

Gari. Chakula. Ada. Vyote vilikuwa chini ya makalio yake, kwenye kiti kile kilichochanika. Akashika wenzo wa kuinulia bodi.

"Unafanya nini? Wewe! Unafanya nini?"

"Natupa taka."

Kitako cha bastola kilimpata juu ya jicho. Damu ikamwingia mdomoni, ya moto, yenye chumvi, na kwa mara ya kwanza tangu ghalani ule uchungu ukatoka kooni. Akavuta wenzo kwa mikono miwili, akakanyaga mafuta mpaka chini. Bodi likanguruma, likainuka. Nyuma yao kamba ya katani ililia mara moja, ikakatika, na magunia yakaanza kushuka bwawani, misalaba myekundu juu.